Vocha ya mbolea imekuja kwa simu ya marehemu, nifanyeje?

MamaEkariTatu: Hamjambo wakulima wenzangu. Niko Trans Nzoia, nalima mahindi. Mume wangu alifariki Septemba. Wakati wa kuandikisha wakulima kwenye KIAMIS, ule mfumo wa serikali ya Kenya wa kusajili wakulima, ni yeye aliyeandikwa, kitambulisho chake na laini yake. Simu yake huwa bado naichaji, hata sijui kwa nini. Juzi ikaingia meseji ya vocha ya mbolea ya ruzuku, gunia moja kwa shilingi 2,500. Nikapanga foleni ghalani tangu saa kumi na moja alfajiri, kufika dirishani wakamtaka mwenye kitambulisho. Nikarudi mikono mitupu. Shamba nimeshalima mara mbili, mvua ndiyo hiyo, na agrovet, maduka ya pembejeo, wananiambia gunia ni zaidi ya 5,000. Kuna kijana pale nje anataka 1,000 "abadilishe jina kwa kompyuta". Nimpe?

JembeButu: Pole sana mama. Usimpe hata shilingi, kuandikishwa hakulipiwi. Anza kwa chifu au naibu wake, umtafute na afisa wa kilimo wa wadi. Beba kitambulisho chako na cheti cha kifo ili jina la mzee litolewe. Na laini iwe yako wewe. Dada yangu alitumia ya kijana wake, kijana akapata kazi Mombasa, vocha ikasafiri naye.

Mzee_wa_Viazi: Shemeji anayefanana na marehemu hayuko? Achukue kile kitambulisho aende.

JembeButu: Mzee, unataka mama wa watu alale seli kwa ajili ya mbolea ya DAP?

MamaEkariTatu: 😂 Asanteni. Lakini hati ya shamba iko kwa jina la baba mkwe. Chifu atakubali?

Mkodishaji: Mimi nalima la kukodi na sikuulizwa hati. Niliulizwa ekari ngapi na napanda nini, na mzee wa mtaa alikuwepo kusema ni kweli. Ila ongea na shemeji zako kwanza. Kama mmoja wao ameshaandikisha ekari hizo hizo, mtavutana mbele ya chifu, na hapo mbolea itakuwa shida ndogo.

UdongoMwekundu: Mimi naogopa kalenda kuliko chifu. Jina likibadilishwa leo, meseji yaweza kuja mvua imeshaanza. Mbolea ya kupandia haingoji, ya kukuzia inangoja mpaka mahindi yafike magotini. Kwa hiyo ukiweza nunua gunia moja moja la mbolea ya kupandia, halafu vocha ikija uchukue CAN, ile ya kukuzia. Na kama umepanda na DAP miaka yote, udongo wetu huku umeshakuwa na asidi, uliza mbolea ya NPK badala yake na upime udongo. Majirani wanamwaga DAP kila mwaka kisha wanalaumu mbegu.

Mzee_wa_Viazi: Ukifika nyumbani fungua gunia uangalie. Mbolea feki ya 2024 hatujaisahau, watu walipanda mchanga.

MamaEkariTatu: Nimetoka kwa naibu wa chifu. Shemeji mkubwa alikuja mwenyewe akasema shamba nalima mimi, sikutarajia. Jina langu limeandikwa, ekari tatu, laini yangu. Meseji bado. Nimeuza kuku wanne nikapata gunia moja la NPK, kesho naanza na ekari ya kule chini karibu na mto.

JembeButu: Meseji ikija tuambie. Na uwahi, foleni ya Jumatatu ni balaa.