Kumuuliza mwanafunzi wa ngoma badala ya kumwelekeza: mnafanyaje?

Mpigangoma, Bagamoyo

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha ngoma vijana kumi na wawili kila Jumamosi, na wawili kati yao wana nia ya kuomba nafasi TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), ambayo wengi wetu hapa mjini bado tunaiita Chuo cha Sanaa, kama ilivyoitwa ilipoanzishwa mwaka 1981. Tatizo langu ni swali moja nililolizoea kupita kiasi: "Mmeelewa?" Wote huitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu," kisha tukianza, mwenye chapuo (ngoma ndogo), ambaye anatakiwa kupiga mapigo matatu katika nafasi ileile ambayo vumi (ngoma ya sauti nzito) linapiga mawili, huvutwa taratibu hadi naye akawa anapiga mawili. Nimemwonyesha mara nyingi. Nimemshika hata kiganja.

Juzi nilimuuliza, bila kupanga, "Ukiwa unapiga, unamsikiliza nani?" Akanijibu kwamba anamsikiliza mwenye vumi, kwa kuwa anaogopa kumpoteza. Kumbe mkono wake haukuwa na kosa. Sikio ndilo lililohamia kwa jirani, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nikitibu mkono. Ningependa kujua mnaulizaje maswali ya namna hii bila somo kugeuka baraza, na mnafanya nini mtoto anaponyamaza.

Mwalimu wa fidla, Tanga

Pole na kazi, mwalimu. Mimi ninafundisha fidla ya taarab, na chombo chenyewe ndicho kilichonilazimisha kuuliza, maana shingo yake haina vigawanyo kama vya gitaa, na kidole kikisogea kidogo tu, sauti inakuwa nyingine. Zamani nilikuwa nikisema, "Panda kidogo, shuka kidogo," na mwanafunzi alitii, lakini wiki iliyofuata alisubiri nimwambie tena. Siku hizi ninatoa sauti kwa akodiani, yeye anaiimba, kisha anaipiga, halafu ninamuuliza, "Ulichoimba na ulichopiga vimeachana wapi?" Swali la "Uko juu au chini?" nimeliacha, kwa sababu anayebahatisha naye hupata nusu ya majibu bila sikio kufanya kazi yoyote.

Kuhusu kunyamaza, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi walikuwa wakingoja kama sekunde moja tu kabla ya kudakia, na waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka. Yeye aliangalia masomo ya sayansi, lakini kwenye fidla nimeona ni hivyohivyo. Ugumu uko kwetu: sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu mno.

Mzee wa msondo, Bagamoyo

Wanangu, nami nina neno. Sisi tulijifunza kwa kukaa nyuma ya wakubwa na kupiga mapaja yetu mpaka tuliporuhusiwa kugusa ngoma, na hakuna aliyetuuliza kitu. Sisemi ndivyo iwe leo. Ila mtoto wa kwetu akiulizwa na mkubwa, "Kwa nini umepiga hivyo?" huona ameshakaripiwa, hata sauti iwe laini namna gani, naye atainama na kusema samahani. Hilo "kwa nini" liwekeni kando. Wala msiisimamishe ngoma katikati ili kuuliza; ngojeni ipoe. Na jibu si lazima litoke mdomoni. Mwambie, "Hebu nionyeshe pale unapopotea," mikono yake itaeleza yale ambayo adabu inamzuia kuyasema.

Mpigangoma, Bagamoyo

Shikamoo mzee, na asante, mwalimu wa Tanga. Jumamosi nilimwomba kijana wa chapuo anionyeshe anapopotea. Alipiga vizuri kabisa mizunguko minne, akasita, kisha akasema, "Ni pale waimbaji wanapopokea." Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo, kwa hiyo tulirudia bila vumi, kwa chapuo na kiitikio peke yake, na alishika. Binti anayepiga vumi nilimngojea mpaka nikahesabu kumi kimoyomoyo, asiseme wala asionyeshe kitu, nami nikamwacha. Mwalimu wa fidla, wewe nadhani unakaa na mwanafunzi mmoja mmoja. Nikiwa na kumi na wawili, na mmoja amenyamaza, wale kumi na mmoja niwape kazi gani wakati ninangoja?