Nimechezwa kwa kasi mara mbili mbele ya mama mkwe. Mbele ya MAMA MKWE!

Wakuu, habari za usiku, kama kwenu kuna usiku. Naandika nikiwa ndani ya gari hapa kwa geti, gari limezimwa, kwa sababu sebuleni sirudi leo. Ni huyu mtoto wangu, simtaji jina. Mnamjua. Ni yule yule wa eafoni, yule aliyemaliza bando la mwezi kabla wiki haijaisha akasema ni simu "imejiapudeti". Yule anayekula akiwa ametazama ukuta kwa sababu waya wa chaja haufiki mezani. Huyo.

Mama mkwe yuko kwangu. Watu wa Bungoma mnaelewa uzito wa sentensi hiyo, wengine ulizeni. Mama mkwe haendi kwa mkwe ovyo. Amekuja tu kwa kuwa ana kliniki ya macho hapa mjini, au niseme jijini, maana Nakuru tulitangazwa jiji Desemba 2021 na wenye nyumba wakawa wa kwanza kusikia. Tangu afike nagonga mlango wa jikoni yangu mwenyewe kabla ya kuingia. Shati la kola navaa hadi saa ya kulala.

Sasa, mchana nilikuwa nimetuma ujumbe wa sauti kwa grupu ya familia. Dakika saba. Mambo mazito: shamba la nyumbani, karo, mazishi ya mzee wetu, na pale mwisho nasaha kidogo. Niliegesha gari kando ya barabara huko Section 58 ili kusiwe na kelele. Nikakohoa kwanza. Ilitoka sauti nzuri, sijisifu.

Jioni chai imeshamiminwa. Mama mkwe ameketi, shemeji ameketi, mimi niko kwa kile kiti cha mbali karibu na mlango. Yeye amelala kwa kochi, mguu mmoja juu ya kitambaa alichofuma mama mkwe kwa mikono yake, simu iliyopasuka kioo iko kifuani. Eafoni, ambazo hazijatoka masikioni tangu afanye mtihani wa KCSE, leo hazipo. Zimeisha chaji. Anafungua ujumbe wangu. Kwa spika. Na nakiona kile kidole chake kikigusa pale palipoandikwa 1×, kikagusa tena, ikawa 2×.

Wueh.

Jameni, mimi ni makamu mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nikisimama kusema hata watoto hunyamaza. Lakini ile sauti iliyotoka kwa simu ilikuwa ya mchuuzi anayenadi soksi huku akihepa askari wa kanjo. Shamba, karo, marehemu, vyote vinapita mbio. Hata kile kikohozi kilikimbia!

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akasikiliza. Akauliza, tena kwa huruma kabisa: "Huyo anakimbizwa na nani?"

ANAKIMBIZWA NA NANI.

Na mheshimiwa akamjibu bibi yake, bila hata kuinua kichwa: "Ni Dadi, kukhu. Nimemweka mbili. Akiwa moja haishi."

Shemeji akatoka nje kupokea simu ambayo haikulia.

Halafu yangu ndiyo ikatetemeka mfukoni. Nimejibiwa. Na nani? Na yeye! Tuko sebule moja, naona hadi soksi zake, na amenijibu kwa kidole gumba. Kile cha njano. Shamba, karo, mzee wetu aliyelala mochari, vyote kidole gumba.

Ungesema nini mbele ya mama mkwe? Nikainuka, nikasema naenda kuangalia gari. Ndilo naangalia mpaka sasa.

Na msidhani ni la leo tu. Nikitaka atoke chumbani ale, lazima nizime ruta. Hapo anatokea mlangoni na kuuliza "waifai imefanya nini?" na hiyo ndiyo shikamoo yangu. Mama yake siku hizi humtumia picha ya sahani. Juni 2024, ile tarehe 25 ya maandamano, mimi najua yuko kwa rafiki anasoma. Kumbe yuko Kenyatta Avenue na bendera shingoni. Niliambiwa na nani? Na stetasi. Aliandika "niko salama", nikaisoma pamoja na umati wa watu wasiomzaa.

Hayo yote nimemeza. Lakini "huyo anakimbizwa na nani" haipiti kooni. Nakimbizwa kwa waifai ninayolipia mwenyewe!

Nishaurini. Na asije mtu kuniambia eti tuongee naye.

Kochi_la_Kiti: Pole mkuu. Lakini dakika saba? Hapo hata mimi ningekuweka mbili, na ningetafuta kama kuna tatu.

MamaWaSoko: Nimecheka hadi omena zimeungua. "Akiwa moja haishi"! Huyo mtoto alipiwe karo yote leo leo.

Fundi_Waya_Kakamega: Kwa taarifa tu, WhatsApp walileta hicho kitufe cha kuharakisha sauti mwaka 2021. Kabla ya hapo watoto wa watu walikuwa wanawasikiliza hivyo hivyo mkikohoa.

Mleta uzi: Mnacheka tu. Mama mkwe aliuliza kwa HURUMA. Angecheka ningelala vizuri. Alinionea huruma!

Wa_Kondele: Shukuru umesikilizwa. Wangu wamenyamazisha grupu, wamechagua "daima". Nilitangaza mzee wangu amelazwa hospitalini, wa kwanza kujibu akawa binamu aliye Qatar. Aliye chumba cha pili alijua kesho yake saa nne, tena kwa kuambiwa na msichana wa duka.

Mzee_wa_Webuye: Unalilia kidole gumba? Miaka ya 2000 mimi nilikuwa namflashi baba. Mara moja, nimefika shule. Mara mbili, pesa imeisha. Hakuna aliyepokea simu hata siku moja, na hatukuwahi kukosana.

Kochi_la_Kiti: Mzee, na mara tatu ilikuwa nini?

Mzee_wa_Webuye: Nimefukuzwa. Ilitokea.

Mtoto_wa_Mtu: Naomba kuwatetea washtakiwa. Nyinyi wazazi mnatuma maua ya "asubuhi njema" saa kumi na moja alfajiri. Mnatuma ile ya "peleka kwa watu kumi usikose baraka". Halafu mnapiga simu kuuliza kama tumeona. Baba yangu hunipigia kunijulisha kwamba amenitumia ujumbe wa kunijulisha kwamba atanipigia.

Mleta uzi: Wewe. Unaishi wapi? Kochi lenu ni la rangi gani?

Mtoto_wa_Mtu: Eldoret, mzee, tulia. Sisi tuna benchi.

Mwalimu_Mstaafu_Mumias: Mnakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea nchi nzima? Kwangu walitoka vyumbani mmoja mmoja, kila mtu na tochi ya simu. Tukaketi. Ndiyo siku nilijua binti yangu aliacha zamani kutaka uuguzi, anataka kusomea mambo ya udongo. Nilikuwa nimewaambia ukoo mzima ni nesi.

Kochi_la_Kiti: Mwalimu, kwetu usiku huo tuligombana nani amemaliza tokeni za stima, mpaka mtu akachungulia dirishani akaona mtaa wote ni giza. Msamaha haukuombwa hadi leo.

MamaWaSoko: Wanaume mnasingizia watoto tu. Kwangu tatizo ni baba mwenye nyumba. Miaka hamsini na kitu, usiku wa manane anaangalia TikTok za watu wakichimba visima. Nikimuuliza kama atakula, "subiri, wanakaribia maji".

Fundi_Waya_Kakamega: Dada, usimguse huyo mzee. Ukitoka kabla maji hayajafika hulali.

Wa_Kondele: Visima ni sawa, lakini hamjaona za kufua mazulia. Lile zulia linaingia likiwa tope tupu, hujui ni la rangi gani. Mke wangu na mimi hatuongei siku hizi lakini hizo tunaangalia pamoja.

Kochi_la_Kiti: Kuna moja lilitoka na maua ya waridi. Nilipiga makofi peke yangu.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwa mada. Simu imetetemeka sasa hivi. Ni yeye, kutoka sebuleni. Ameandika: "Kukhu anauliza kama waliokuwa wanakukimbiza wameenda." Na kile kikatuni cha kulia kwa kicheko. VITATU.

Jirani_Mwema: Mkuu, hiyo ruta ukiizima huwa unaizima saa ngapi? Niko upande wa nyuma ya geti lako na nina mtihani mtandaoni kesho asubuhi.

Mleta uzi: Kwa hivyo ni wewe unayenimalizia waifai!

Jirani_Mwema: Nenosiri nilipewa na yule unayemsema. Alisema familia ni moja.

Mzee_wa_Webuye: Huyo mtoto mnamwonea.

Wa_Kondele: Pole kwa yote mkuu. Kochi, tuma linki ya lile zulia la waridi.

Kochi_la_Kiti: Naitafuta. MamaWaSoko, mzee hajafika maji bado?

MamaWaSoko: Wamegonga mwamba. Ameniambia niweke chakula kwa hotipoti.