Ushauri: moyo unadunda usiku, mtihani wa bodi uko mlangoni

Mtahiniwa_Nov
Habari za usiku wakuu. Mimi ni mhasibu, mchana kazini, usiku nasoma; mtihani wa CPA ni Novemba. Kwa muda sasa moyo unanidunda, mikono inatetemeka, nikijilaza nakodolea dari mpaka adhana ya alfajiri. Nakunywa kahawa kikombe kimoja asubuhi na enaji mbili usiku, kama watu wote. Swali ni dogo tu: nibadilishe aina ya enaji, au nihamie kwenye vidonge vya umakini? Matusi sitaki.

Babu Semitrela
Kijana, wakati wetu barabara ya Namanga makopo hayakuwepo, tulikuwa na mirungi. Ikiwa mbichi, usingizi unausikia kwa jirani. Ikikauka unatafuna majani ya mbuzi. Usiku mmoja nilifunga breki kupisha ng'ombe ambao tingo wangu hakuwaona hata mmoja.

Shangazi Mkali
Lala saa tatu, amka saa kumi, sali, soma. Sisi tulifaulu kwa kibatari. Vijana mnapenda njia za mkato.

Famasia wa Mtaani
Babu kasema kweli. Kinachoamsha kwenye mirungi ni kathinoni, na jani likinyauka, ndani ya siku mbili tatu sehemu kubwa inageuka kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana huko Meru ya Kenya wanaifunga kwa majani ya mgomba. Kwetu Tanzania ni marufuku, tuiache hapo hapo Namanga.

Mtahiniwa, kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80. Ukijumlisha na kahawa yako hufiki 400 kwa siku, kiwango ambacho mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hakimsumbui. Kuna kitu hujasema. Unameza dawa gani nyingine? Na hivyo vidonge ni vipi?

Mtahiniwa_Nov
Dawa hakuna. Vidonge ni vya kawaida tu, Wazungu wanavitumia.

Famasia wa Mtaani
Jina.

Mtahiniwa_Nov
Ritalin. Mwanawe binamu yangu aliandikiwa Uingereza, vikabaki. Sijaanza. Yaani nimejaribu nusu tu, na nikamaliza sura nzima ya kodi bila kushika simu. Kwa hiyo msiniambie niache, niambieni dozi.

Mla Kashata
Aliyeitengeneza, mwaka 1944, ni mkemia wa Uswisi, Leandro Panizzon. Jina katoa kwa mkewe, Rita, ambaye inasemekana aliimeza kabla ya kucheza tenisi. Wangu akimeza Panadol tu, siku hiyo najipikia.

Famasia wa Mtaani
Dozi sitoi. Kahawa haikupi nguvu, mkuu. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unajaa adenosini, nayo ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini inakalia vipokezi vyake kama abiria aliyewahi siti ya mwenzake. Uchovu bado umesimama mlangoni. Ritalin inapita kwingine: inazuia dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo, zisirudi kwenye seli zilikotoka. Noradrenalini hiyo hiyo inapandisha mapigo na presha, na wewe moyo wako tayari unakimbia. Nauliza tena: dawa nyingine?

Mtahiniwa_Nov
Labda sipro. Ya taifodi. Lakini hiyo ni antibayotiki tu, inahusiana nini na moyo?

Famasia wa Mtaani
Inahusiana sana! Sipro inazuia kimeng'enya cha ini, CYP1A2, kinachovunja kafeini. Kwa kawaida nusu ya kafeini huisha kwa saa tano hivi. Ukiwa kwenye sipro inachelewa, kopo la leo linalikuta la jana bado lipo. Na sipro yenyewe huwakosesha wengine usingizi.

Mpima Chai
Ngojeni. Dozi ya sipro ni wiki moja, sana sana mbili. Huyu anadundwa "kwa muda sasa". Hesabu hazifungi, halafu eti mhasibu! Akaunti imefunguliwa leo, binamu yuko Uingereza. Hii ni chai, na sukari imezidi. Muda si mrefu ataweka namba ya WhatsApp auze vidonge.

Shangazi Mkali
Nilihisi tangu mwanzo.

Babu Semitrela
Chai au si chai, leo nimejua kwa nini mirungi ya Jumatatu ilikuwa haishiki Jumatano.

Mtahiniwa_Nov
Siuzi chochote. Dozi ya kwanza iliisha, homa ikarudi, nikanunua nyingine duka la dawa bila kupima. Ikarudi tena, nikanunua tena. Mnataka risiti?

Mpima Chai
Weka.

Famasia wa Mtaani
Risiti ya nini? Homa inayorudi hivyo inataka damu ioteshwe maabara kutafuta bakteria, kipimo cha taifodi cha Widal pekee hakitoshi. Presha umepima?

Mtahiniwa_Nov
158 kwa 96. Ila mashine za maduka haziaminiki, na nilikuwa nimetoka kunywa kopo.

Famasia wa Mtaani
Basi kesho asubuhi nenda kituo cha afya kabla hujagusa kahawa. Kaa dakika tano utulie ndipo wakupime. Beba pakiti zote, za binamu pia. Kifua kikiuma, pumzi ikikata au ukizimia, usingoje asubuhi.

Mtahiniwa_Nov
Kesho tunafunga hesabu za mwezi. Jumamosi haifai?

Famasia wa Mtaani
Haifai.

Mpima Chai
Risiti bado naisubiri.