Miti hatari kando ya barabara ya kijiji: ipi ikatwe kabla kaskazi haijakaza?

KamatiYaNjia
Salaam jamani. Tuko upande wa Kakuyuni, bara ya Malindi. Barabara yetu ni ya murram, kama kilomita 2, na ndiyo njia pekee ya kuingia na kutoka kijijini. Moto ukizuka Januari au Februari, wakati wa upepo mkavu wa kaskazi, gari la zimamoto na watu wanaokimbia watapitana hapo hapo. Kando zote mbili kuna mivinje, mikilifi (miarobaini), minazi mizee, mingine haina vichwa, mikanju (mikorosho) iliyokauka na kichaka cha mikaratusi. Nyumba nyingi ni za makuti, na baadhi ziko hatua chache tu kutoka barabarani. Pamoja na hayo, laini ya stima imepita upande mmoja.

Kuna wanaotaka tusafishe mita 10 kila upande, mti usibaki hata mmoja. Wengine wanasema tukifanya hivyo tutakosa kivuli na upepo utatuvamia. Tunaomba wenye ujuzi watueleze: mti wa hatari tunautambuaje, tunaukataje bila kuumiza mtu, na ruhusa tunaiomba wapi?

MsituJilore
Nawapongeza kwa kuanza mapema. Kabla ya kushika msumeno, nawasihi msikate yote. Mkiondoa kivuli chote jua litafika chini, na mvua za vuli zikinyesha nyasi zitaota hadi kifuani. Zikifika Januari zimekauka, na moto wa nyasi unakimbia kuliko mtu. Mkanju hai au mwembe wenye kivuli kizito huzuia nyasi kuota, kwa hiyo unawalinda. Adui yenu ni vitu vitatu: mti utakaoanguka ukafunga njia, mti unaoupandisha moto kutoka chini hadi juu, na takataka kavu zilizolala chini yake.

Tembeeni barabara yote watu watatu, mmoja ana rangi, mmoja kamba ya kupimia, mmoja nyundo ya mti. Kila mti ambao urefu wake unaweza kuifikia barabara au waya, uzungukeni wote, msiutazame upande wa njiani tu. Piga shina kuanzia chini hadi usawa wa kichwa. Sauti ikiwa kama ya ngoma, ndani kuna uwazi. Hapo toboeni kwa keekee nyembamba ya milimita 6 sehemu tatu au nne mpime unene wa mbao nzima. Kadirio linalotumika sana ni kwamba mbao hiyo isipungue theluthi moja ya nusu-kipenyo: shina la sentimita 60 linahitaji kama sentimita 10 za mbao nzima kuzunguka pande zote. Chini ya hapo, tieni alama ya kukata.

Angalieni pia uyoga mgumu unaoota kwenye shina karibu na ardhi, vichuguu vya mchwa vinavyopanda gomeni, ufa wa wima, na udongo ulioinuka upande wa nyuma wa mti ulioinama. Mti ulioinama tangu utoto si tatizo kubwa, umejijengea mizizi. Unaotisha ni ule ulioinama juzi.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyapita. Kwanza, greda. Likichimba mtaro hukata mizizi ya upande mmoja, na mti hubaki umesimama na majani mabichi miaka kadhaa kabla haujalala. Shukeni mtaroni mtazame kama kuna ncha za mizizi minene iliyokatwa. Pili, shina lililoungua chini kwa sababu watu huchomea taka hapo. Mti wa namna hiyo huonekana mzima ukiwa njiani, lakini nyuma una pango jeusi la makaa, na moto wa nyasi ukipita huingia humo ukaumaliza.

Mti uliooza ambao hata ukianguka hauifikii barabara, nyumba wala waya, uacheni. Mko jirani na Arabuko-Sokoke, na matundu ya miti mikongwe ndiyo makao ya ndege wengi. Mbuyu pia msiuguse bila sababu, na kama kuna mti wa ibada ongeeni na wazee kwanza.

Miti itakayobaki, ipogoeni. Ondoeni matawi yote ya chini hadi mita 2 au 3, ili moto wa nyasi usipate ngazi. Yale yanayoning'inia juu ya barabara yakateni hadi ibaki nafasi wazi ya mita 4.5 kutoka chini, gari la zimamoto lipite bila kuparuza. Tawi nene likatwe mara tatu: mkato wa kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 mbali na shina, wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya huo, tawi lianguke, wa mwisho ondoeni kigutu nje tu ya uvimbe unaounganisha tawi na shina. Mkipita ndani ya uvimbe huo kidonda hakifungi, kuoza kunaingia, na mmejitengenezea mti hatari wa baadaye.

FundiPawasoo
Nimesoma, naongeza upande wa kukata.

Kwanza mkague nyuki. Huku bara, shina lenye uwazi mara nyingi lina mzinga. Waiteni warina asali wauhamishe usiku, na watumie kopo la moshi badala ya mwenge. Mwenge katika kaskazi ni chanzo cha moto unaoukimbia.

Funga njia pande zote mbili, mtu mwenye bendera nyekundu kila upande, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 15 ni mita 30. Waambieni wa bendera wasimame katikati ya njia, maana bodaboda akiona upenyo atapita. Mkataji aandae njia mbili za kukimbilia, kwa mshazari kuelekea nyuma, zikiwa zimefyekwa.

Shina la sentimita 40: kata mdomo (pengo la umbo la kabari) upande unakotaka mti ulale, kina sentimita 8 hadi 10, uwe wazi vya kutosha. Halafu mkato wa nyuma, juu kidogo ya kona ya mdomo, ukiacha bawaba ya sentimita 4 isiyokatwa. Bawaba ndiyo inayouongoza mti. Anayekata hadi mwisho anauachia mti uamue wenyewe. Tumia kabari ya plastiki au ya mti, chuma kikigusa mnyororo meno yamekwisha.

Mvinje mnauona mwembamba mkaudharau. Mbao yake ni ngumu na nzito, na ukiwa umeinama sana ukaukata kwa njia ya kawaida, hupasuka wima kabla bawaba haijafika unene wake, kipande cha nyuma kikaruka usawa wa uso. Huo unakatwa hivi: mdomo kwanza, kisha ingiza bledi ya msumeno kwa ubavu nyuma tu ya mahali pa bawaba, ipenye hadi upande wa pili, uelekee nyuma ukiacha ukanda mwembamba wa mbao mgongoni. Ukanda huo ukatwe mwisho kabisa, umesimama pembeni. Kupenyeza bledi anza na sehemu ya chini ya ncha. Ukianza na ya juu msumeno utakurukia. Asiyewahi kufanya mkato huu asijifunzie kwenye mti wa barabarani.

Mti mkavu usigonge kabari, mtikisiko hushusha matawi makavu juu ya kichwa. Funga kamba juu, angalau theluthi mbili ya urefu, uvute kwa winchi ya mkono. Anayevuta awe mbali kuliko urefu wa mti. Mti wenye uwazi ndani bawaba yake haiaminiki, kwa hiyo pandisha mkato hadi mahali mbao inapolia nzima.

Na pawasoo (msumeno wa injini) yenyewe ni moto. Ekzosi ikigusa sindano kavu za mvinje, umeanzisha kile ulichokuja kuzuia. Fanyeni kazi alfajiri hadi saa nne asubuhi, kabla upepo haujakaza. Mafuta yajazwe kwenye ardhi tupu, injini imepoa, kisha sogea mita 3 ndiyo uwashe. Mchanganyiko wa kawaida ni mililita 100 za oili ya tustroku kwa lita 5 za petroli, ila fuateni kopo la oili yenu. Pawepo madebe ya maji, majembe na matawi mabichi ya kupigia moto, na mtu mmoja abaki nusu saa baada ya kazi anazunguka.

BiAmina_Gede
Kuhusu ruhusa. Miti iliyo ndani ya hifadhi ya barabara haina mwenyewe kijijini. Barabara kuu iko chini ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), ya kijiji kama yenu huwa chini ya KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini) au kaunti ya Kilifi. Jueni kwanza ni ya nani, mpate ruhusa kwa maandishi. Mti wa shambani mwa mtu unahitaji idhini ya mwenyewe, nayo iandikwe mbele ya chifu au mzee wa kijiji, orodha ikionyesha kila mti wenye alama. Muiteni afisa wa KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) akague orodha hiyo. Kuni au mbao zikitoka kijijini kwa gari zitahitaji kibali chake cha kusafirisha, na bila hicho zitakamatwa njiani.

Waya wa stima msijadiliane nao. Mti wowote ambao wenyewe au tawi lake linaweza kufika mita 3 karibu na laini, andikieni Kenya Power wazime kwanza au waukate wao. Mti mbichi unapitisha umeme, na hata kamba iliyolowa inapitisha. Tawi likilalia waya kila mtu akae mita 10 mbali, hata kama taa za kijiji zimezimika.

KamatiYaNjia
Shukrani sana, Bi Amina na wenzako. Tumebaki na matatu. Wanaotaka mita 10 wanasema Ureno ndiyo sheria. Minazi hatujaelewa tuifanyeje. Na matawi yote hayo yatakwenda wapi?

MkweziMambrui
Minazi nitaijibu mimi. Mnazi hai usikatwe kwa sababu ya moto. Kinachowaka ni makuti makavu yanayoning'inia, makarara (maganda makavu ya maua ya mnazi) na vilifu, zile nyuzi kama kitambaa shingoni. Cheche ikipanda hapo mnazi huwaka kichwa, na kaskazi hubeba kuti linalowaka hadi kwenye paa la jirani. Mkwezi apande Desemba ashushe makuti yote makavu, makarara na nazi zilizokauka. Asiguse makuti mabichi, akizidisha mnazi unadhoofika. Chini ya mnazi ondoeni makumbi na vifuu, makumbi yakishika moto hufuka ndani kwa ndani siku nzima.

Usio na kichwa ndio wa kukatwa, na mtu asipande kabisa, maana shina limeoza ndani. Mnazi hauna mbao kama mti mwingine, ni nyuzi nyuzi. Sehemu ngumu iko nje, katikati ni laini, na bawaba hukatika ghafla. Kwa hiyo kamba lazima. Kama kamba haifiki juu kwa kurushwa, utafuteni ngazi ya kuegemeza kwenye gari au mti wa jirani, isiegemezwe kwenye shina hilo.

Gogo lake msiliache lioze kando ya njia. Chonga (mdudu anayetoboa minazi) hutaga humo, funza wakubwa wanene mtawaona mkilipasua, na wakikomaa wanakwenda kutoboa vichwa vya minazi mizima. Lipasueni vipande vinne, vianikwe juani vikauke, kisha viwe kuni.

MsituJilore
Ureno ni kweli, sheria yao inataka ukanda wa mita 10 kila upande wa barabara. Ilianza kusimamiwa kwa ukali baada ya moto wa Pedrógão Grande, Juni 2017, uliowaua watu 66, wengi wao wakiwa barabarani wakikimbia, katikati ya mikaratusi na misonobari. Lakini sheria hiyo haisemi ukanda uwe jangwa. Inaruhusu miti ndani yake, ila iwe na nafasi kati ya vichwa, mita 10 kwa misonobari na mikaratusi, mita 4 kwa mingine, na matawi ya chini yaondolewe. Hapo kwenu ningefuata mtindo huo. Kichaka cha mikaratusi kipunguzwe hadi vichwa vimeachana, magome yaliyobambuka yakusanywe, mivinje iachanishwe, na mikanju hai mibichi ibaki.

Matawi ndiyo mahali vijiji vingi vinaharibu kazi. Mti uliosimama ukiwa mbichi hauwaki kirahisi. Ukatwe, matawi yaachwe mtaroni wiki tatu juani, umeweka petroli kando ya njia pekee mliyo nayo. Usikate mti leo kama hujui matawi yake yanalala wapi leo. Mashina ya mvinje ni nguzo na boriti nzuri, yana soko. Yanayozidi unene wa mkono yawe kuni, yapangwe mita 30 mbali na nyumba za makuti. Majani na vijiti vidogo vya mkilifi vikatekate, vitandazwe shambani unene usiozidi kiganja, mbali na barabara. Kitakachobaki kirundikwe mahali pa wazi, marundo madogo ya kimo cha kiuno, ardhi ikiwa imekwanguliwa mita 3 kuzunguka, na yasiwashwe hadi mvua za Aprili ziwe zimeshika. Katika kaskazi msichome chochote.

Visiki vya kando ya mtaro msiving'oe, vinashika mchanga. Mvinje ukikatwa chini hauchipui vizuri, lakini mkaratusi na mkilifi vitarudi kwa nguvu. Chipukizi zing'olewe kila baada ya wiki 6 hadi 8, zikiwa laini, mpaka mizizi ichoke. Mathenge (Prosopis, mti vamizi wa miiba) mkiyakuta, yakateni chini ya udongo, sentimita 10 hadi 30, kwa sababu macho yake ya kuchipulia yako hapo. Na tengeni bajeti ya kufyeka nyasi kila mwaka mvua za vuli zikiisha, mwezi wa Desemba, hadi zibaki kama sentimita 10. Bila hiyo, kazi ya msumeno itadumu msimu mmoja tu.