Tupeane uzoefu: piki yako ya zamani ilifikaje?

MtuWaMakupa

Wadau salaam. Jumapili ilopita tulienda Kilifi kwa mkutano wa piki za zamani, zile za kabla boda za Boxer hazijajaa mjini, na tangu nirudi mgongo waniuma na mikono bado yatetemeka nikishika kikombe. Hebu tupeane uzoefu wa safari kama hizi. Ulipitia wapi, ulikuwa na piki gani, ilikuzimikia wapi. Sharti langu ni moja tu, piki iwe imekwenda kwa magurudumu yake. Nyinyi wa kupakia kwa pikapu mkishushia kona ya mwisho halafu mwaingia uwanjani mwapungia watu mkono, mnajijua.

Naanza mimi. Nina Honda CG125 ya 1983, nilinunua kwa mzee mmoja alokuwa akisambazia mikate, mpaka leo keria yake ina alama za kreti. Kuna watu wanicheka ati hiyo si ya kuringia, ni piki ya kazi. Sawa, lakini Honda waliitoa 1976 kwa ajili ya watu kama sisi hasa, watu wa vumbi na mizigo ambao oili wabadilisha wakikumbuka, ndo maana juu hawakuweka cheni ya kuzungusha valvu wakaweka vijiti vya kusukuma, na hizi boda nyingi za Kichina waziona mjini ukifungua injini utakuta ni wajukuu zake.

Tulikuwa wanne. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, na barabara ya Mtwapa hatukuitaka kabisa, kwa lami kuu Kilifi ni kama kilomita 60 na matatu zitakusukuma kando zote 60. Tukashika Makupa, Jomvu, Miritini mpaka Mazeras. Hiyo sehemu ya Mazeras siipendi na sitoipenda, trela likikupita ule upepo wakuvuta kwanza halafu wakutupa, na kipiki chenyewe cha 125 ukikamua mpaka mwisho bado dereva wa trela akuona umesimama. Lakini ukikata kulia kuingia Rabai basi, ni kama mtu amefunga mlango. Minazi, baridi kidogo, watoto wakimbia na wewe wakipiga kelele.

Rabai tulisimama pale karibu na kanisa la wamishonari kina Krapf ambalo sasa ni makumbusho. Si kwamba tulitaka historia, ni Suzuki A100 ya mwenzetu ilikuwa ikichuruza petroli mguuni mwake. Boya la kabureta limekwama. Akaigonga kabureta kwa mpini wa bisibisi mara tatu nne ikanyamaza, akatuangalia kama profesa. Kaloleni tukanywa chai na mahamri na mbaazi, wagema washashuka na mnazi wao asubuhi ile, tukapita na macho tu maanake tuna piki. Halafu badala ya kufuata lami mpaka Mavueni kama watu wenye akili, yule yule wa A100 akasema ajua njia ya vumbi upande wa Chonyi. Hakuijua. Tuliuliza njia kwa mama mmoja alobeba kuni, akatuelekeza vizuri sana, tukapotea, tukarudi tukamkuta palepale akacheka mpaka akazitua kuni. Kuna mahali mchanga ni kama wa baharini, mimi nilianguka mara mbili, ya pili nikabaki nimekaa chini tu nikaangalia gurudumu likizunguka.

Tulifika saa tano na nusu. Tuko wekundu kwa vumbi kama tumefinyangwa. Na nitawaambia kitu, uwanjani kulikuwa na Triumph imeng'arishwa mpaka waweza kunyolea ndevu lakini watu walikuja kujaa kwetu, kila mmoja auliza mmepitia wapi.

Haya, nani afuata?

BintiWaKuze

Mimi nina Vespa PX, ya marehemu mjomba, na kabla hamjaanza, ndio ni piki, ina magurudumu mawili na ya tatu nimelibeba ubavuni kama spea, nyinyi mkipata pancha mwamtafuta fundi mimi nafungua nati natia jingine. Alobuni Vespa 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa ndege na pikipiki hakuzipenda, chafu, cheni yarusha oili, ukitaka kukaa ni lazima upande kama farasi. Mimi navaa buibui, hapa mbele ni wazi naingia nakaa. Kwa hivyo namwombea dua.

Safari yangu ilikuwa ya Kikambala tu, fupi, nilikwenda na shangazi nyuma na kikapu cha viazi karai. Tulipitia Kisauni, Kiembeni, Utange kwa ndani huko tukatokea Shanzu. Daraja la Mtwapa tulivuka salama. Mbele kidogo waya wa klachi ukakatika. Kwa Vespa klachi na gia zote ziko mkono wa kushoto, ukikatika huo mkono mzima wabaki pambo. Shangazi akashuka akakaa kwenye jiwe akaanza kula viazi, hakusema kitu, mwamjua mtu anokaa kimya namna hiyo.

Vijana wa boda stejini ndo walioniokoa. Mmoja akaenda kwa fundi wa baiskeli akarudi na waya wa breki, shilingi hamsini. Kichwa chake kidogo, chateleza ndani ya mkono wa klachi, wakatia washa, kile kipete cha chuma, wakakaza chini kwa skrubu yake. Nikafika. Kijana nilitaka kumlipa zaidi akakataa akasema anataka tu aiendeshe raundi moja, nikampa, alirudi baada ya robo saa nikawa nishasoma dua zote nizijuazo 😂

dt_ya_kinango

mie ni yamaha DT175 nilinunua mnadani ilikuwa ya afisa wa kilimo, hizo zilipita kila kijiji kwale kabla ya sisi kuzaliwa. mkutano ulikuwa diani nikasema badala ya lami nipite njia za vumbi nyuma ya mwaluganje, nakuja kutokea kwale mjini halafu nashuka kombani.

sasa piki ikaanza mchezo. kilomita kumi yazima. nasimama nakunywa maji nakagua plagi iko sawa, napiga kiki yawaka kama haikuwa na neno. kilomita kumi nyingine yazima tena. nkabadilisha plagi. nkapuliza kabureta kwa mdomo mpaka nkaonja petroli. mara ya nne imezima mahali kuna kinyesi cha ndovu, na si cha jana jamani kilikuwa chafuka moshi. mwaluganje ni hifadhi ya ndovu mwajua, wao wapita wanapotaka wewe ndo mgeni. nlisukuma ile piki kwa kukimbia huku nimevaa helmeti na buti, kilima chaelekea juu, sikuhisi uzito wowote. uzito nliuhisi kesho yake.

mbele nkakuta mzee akata makuti akaniuliza mbona wakimbia na piki badala ya kuipanda. nkamwambia yazima. akaja akafungua kofia ya tangi ikafanya FSSSS. akaniangalia akarudi kwa makuti yake. tangu hapo haikuzima tena mpaka diani

FundiMwembeTayari

@dt_ya_kinango huyo mzee akija mjini nampa kazi. Kofia ya tangi ina tundu dogo la kuingiza hewa, limeziba kwa vumbi au kutu, na huku kwetu na chumvi hii ya bahari kutu haihitaji mwaliko. Petroli yashuka hewa haiingii, mwisho tangi lajivuta lenyewe petroli yakataa kushuka. Ukipumzika hewa yapenya polepole ndo maana yawaka tena na wewe wafikiri ni plagi. Sindano na dakika moja, yaisha.

Lakini nimeona mwasifia kupanda vilima hamna anozungumza kuteremka. Hizi injini za tustroki oili yaingia pamoja na petroli, hazina oili ya kukaa chini kama CG. Sasa washuka kutoka Kwale kuja Kombani, mteremko mrefu, umeachia eksileta na gia iko ndani, injini yazunguka kwa kasi lakini petroli haiingii kwa hivyo na oili haiingii, bearing na pistoni zasagana kavu. Wafika chini yakata, wamlaumu fundi. Shika klachi mara mojamoja, au ikamue kidogo kila baada ya muda ipate kulamba. DT yako ina pampu yake ya oili na tangi lake dogo, nafuu kidogo, bora tu lisiwe tupu. Wa Vespa na Bantam, ile piki ya Kiingereza, ndo wanisikilize.

Na kuchanganya, wengi mwamimina kwa macho. Mimi natumia kikombe cha kahawa chungu, nilikipima kwa sirinji chachukua mililita 50. Bantam kikombe kimoja kwa lita moja, yaani moja kwa ishirini. Vespa PX ni moja kwa hamsini, kikombe hichohicho kwa lita mbili na nusu. Ukizidisha utafukiza mtaa, ukipunguza utaniona mapema.

Babu_wa_Bantam

Nimesoma yote nimecheka peke yangu sebuleni. Mimi ni mtu mzima, naandika polepole mnisamehe.

Bantam yangu ni BSA ya 125, gia tatu, taa zake volti 6, usiku ukiwasha waona kwamba umewasha na si zaidi. Siku zetu hapakuwa na mikutano, piki zenyewe zilikuwa mpya au hazijawa za kusifiwa. Tulikuwa twenda Malindi sikukuu ya Idi, vijana sita piki tatu. Wakati huo daraja la Nyali ni lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, hili la sasa ni la 1980. Ukipita na piki walisikia linavyopumua chini yako. Kilifi hakuna daraja, mwasubiri feri, na foleni ya feri siku ya Idi ndo ulikuwa mkutano wenyewe. Mwaegesha, mwafungua injini hapohapo kando ya bahari, huyu ana plagi huyu ana spana, wapikaji mihogo wamezunguka. Daraja lilipokuja 1991 nilifurahi kama wengine, lakini tangu hapo Kilifi napita tu.

Halafu wewe wa DT, usimdharau Bantam. Waingereza hawakuibuni. Ilikuwa piki ya Kijerumani, DKW RT125, baada ya vita michoro yake ikachukuliwa, BSA wakaitoa 1948 wamegeuza upande kama kwenye kioo. Wamarekani na Warusi nao wakatengeneza za kwao. Na Yamaha piki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, waliitolea hapohapo. Kwa hivyo DT yako ni mpwa wangu, mpwa haringi mbele ya mjomba.

dt_ya_kinango

shikamoo mjomba 🙏🙏

Babu_wa_Bantam

Marahaba mwanangu. Pangusa hiyo kofia ya tangi.

Triumph_Tudor

Nimekuwa nikisoma kimya. Ile Triumph ya kunyolea ndevu ni mimi. Na ndio, nilikuja nayo kwa pikapu, imefungwa kamba sita na blanketi la mke wangu.

Nijitetee kidogo. Piki si yangu, ni ya baba mkwe, kaiacha mikononi mwa mama mkwe, na mama mkwe alisema waweza kwenda kuionyesha lakini siku nikisikia imekanyaga barabara na mtoto wangu umrudishe. Sasa nyinyi mngefanyaje? Mimi natamani hilo vumbi la Chonyi kuliko nyote hapa. Pale uwanjani nimesimama na kitambaa natazama CG ya mikate imezungukwa na watu nikaona wivu wallahi.

Lakini MtuWaMakupa, kuna sehemu ya hadithi umeiruka. Waambie wenzio A100 ilirudi Mombasa vipi.

BintiWaKuze

Eeeh hapo sasa 👀

FundiMwembeTayari

Naijua. Iko hapa mbele yangu. Tangi la oili kavu kama biskuti, injini imenoki, pistoni imeshikana na silinda kama mtu na mkewe.

MtuWaMakupa

Jamani. Sawa. Tumetoka uwanjani saa kumi, hatujafika hata Takaungu, A100 ikalia mara moja gurudumu la nyuma likakaza, akateleza nayo mpaka kwenye majani, hakuumia alhamdulillahi. Alikuwa kajaza petroli mara mbili siku nzima na oili hakuikumbuka hata mara moja, profesa wetu. Tukakaa pale mpaka giza laanza kuingia, kila boda ikipita yasimama yatupa pole. Pikapu ya Triumph ikatokea. Jamaa hakuuliza kitu, akashuka, akahamisha blanketi, tukapakia A100 juu pamoja na mwenyewe.

Lakini someni tena sharti langu pale juu. Nilisema piki iwe *imekwenda* kwa magurudumu yake. Kurudi sikusema.

Triumph_Tudor

😂😂 Kamba zangu mbili bado ziko kwako.

FundiMwembeTayari

Na mwenye A100 aje na kikombe changu cha kahawa, aliondoka nacho Ijumaa akasema anakwenda kupimia oili.