Naomba ushauri: risala ya mahafali ya kidato cha sita

Habari zenu wakuu. Nimechaguliwa kuandika na kusoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi na wazazi. Mitihani ya taifa ya NECTA (Baraza la Mitihani) ni Mei, hivyo muda wenyewe wa kuwaza ni wa kuibia.

Mwalimu wa taaluma amenipa risala za miaka ya nyuma nifuatishe: idadi ya wahitimu, mafanikio, changamoto, kisha maombi (uzio, kompyuta, gari la shule, yale yale). Wenzangu wanataka nisimulie maisha yetu. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga nani aende shule gani, ilitukusanya hatujuani kabisa, wa Kagera kitanda cha juu, wa Mtwara cha chini. Foleni ya bombani alfajiri, prepo ya usiku kwa tochi umeme ukikatika, ubishi usioisha wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) na HGL (historia, jiografia, Kiingereza) nani anasoma kweli (mimi ni HGL, jibu langu mnalijua). Hayo naweza kuyachomeka.

Ninapokwama ni kwa mwenzetu aliyefariki tukiwa kidato cha tano. Darasa zima linataka atajwe, na mama yake amealikwa. Nimpigie simu kwanza kumwomba ruhusa, au nipitie kwa matroni? Atajwe mwanzoni watu wasimame kimya, au katikati ya kumbukumbu nyingine, pamoja na vichekesho vyake? Na nikishamtaja, naingiaje kwenye maombi ya uzio bila kuonekana tunachangisha kwa msiba?

Waliowahi kusoma risala, mlipangaje?