Kuyeyusha makaa ya mawe: joto la chumba, mchemko au nyuzi 400?

Sampuli_Moja: Wakuu, nina makaa ya mawe aina ya bituminasi, yamesagwa laini. Nalinganisha njia tatu za viyeyushi (vimiminika vya kuyeyushia): piridini inayochemka (nyuzi 115 za Selsiasi), NMP (N-methili-pirolidoni) iliyochanganywa na kaboni daisalfaidi kwenye joto la chumba, na tetralini kwenye chombo cha shinikizo, nyuzi 400. Je, joto likipanda ndipo mengi yanayeyuka?

Jiwe_Jeusi: Si lazima, mkuu. Mwaka 1988 Masashi Iino na wenzake wa Japani walionyesha kwamba mchanganyiko huo wa pili, nusu kwa nusu kwa ujazo, huyeyusha zaidi ya nusu ya baadhi ya makaa bila kupashwa moto kabisa. Piridini pamoja na mchemko wake mara nyingi haifiki hapo. Mimi ningeanza na huo.

Bi_Maabara: Sawa, ila kaboni daisalfaidi isikaribie joto. Huchemka kwenye nyuzi 46, na mvuke wake huweza kuwaka ukigusa tu kitu chenye nyuzi 100 hivi, bila cheche wala moto. Fanyia kazi ndani ya kabati linalofyonza hewa.

Tanuri: Tusichanganye mambo mawili. Chini ya nyuzi 300 hivi, joto linasaidia kiyeyushi kupenya na kuvimbisha makaa. Kinachotoka kilikuwamo tayari. Kuanzia karibu 350, vifungo vya makaa yenyewe vinakatika na kuacha vipande vinavyotafuta haidrojeni kwa nguvu. Tetralini inavipa haidrojeni hiyo, yenyewe inageuka naftalini. Vikiikosa vinashikana upya, na ukizidisha joto au muda unaishia na koki (masalia magumu ya kaboni). Ndiyo maana watafiti Pott na Broche, Ujerumani, walifanya kazi juu kidogo ya 400 wakiwa na tetralini. Ukitaka kuchunguza muundo wa makaa, baki chini. Ukitaka mafuta, panda.

Sampuli_Moja: Na katikati, tuseme 360, bila tetralini?

Tanuri: Inawezekana. Wajapani wametumia kiyeyushi kiitwacho 1-methilinaftalini kwenye joto hilo, nayo haitoi haidrojeni. Kiasi kinachoyeyuka hupanda hadi karibu na pale makaa yanapolainika, halafu hushuka. Kwa hiyo jua kwanza makaa yako yanalainika wapi. Anthrasiti (aina ngumu kuliko zote ya makaa) hailainiki, usihangaike nayo.

Bi_Maabara: Nyongeza kwenye vipimo, maana hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika. NMP hung'ang'ania kwenye mabaki na kuyaongezea uzito, ukadhani kimeyeyuka kidogo. Yaoshe kwa asetoni, yakaushe kwenye ombwe kwa nyuzi 80, kisha pima jivu (madini yanayobaki ukiyachoma): jivu haliyeyuki, hivyo asilimia yake kwenye mabaki itakuonyesha kiasi halisi kilichotoka. Na kama piridini unaitumia kwenye Soxhlet (chombo kinachochemsha kiyeyushi na kukidondosha juu ya makaa tena na tena), makaa yanaoshwa na matone yaliyokwisha kupoa kwenye kipoozeo. Usiandike 115 kabla hujaweka kipimajoto pale pale makaa yalipo.